Maswali ya Wasomaji: Mtungi Uliopakwa Rangi, Cherehani ya Bibi na Chungu cha Mlenda

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka Dodoma na wilaya zake, na karibu zote zinahusu vyombo ambavyo wazazi walivitumia na watoto wao wanaendelea kuvitumia. Nilipozisoma niliona kwamba waandishi wake hawalalamikii sana uchakavu wa vyombo hivyo, bali matokeo ya marekebisho yaliyofanywa kwa nia njema.

SWALI: Nina mtungi wa udongo nilioachiwa na marehemu mama mkwe. Miaka yote maji yake yalikuwa ya baridi hata mwezi wa Oktoba, jua linapokuwa kali kupita kiasi. Tulipohamia nyumba mpya, mwanangu aliupaka rangi ya mafuta ya kijani ili uendane na sebule. Ulipendeza kweli, lakini tangu siku hiyo maji yake ni ya uvuguvugu. Je, mtungi nao huzeeka? *Mama wa watoto wanne, Nala, Dodoma.*

JIBU: Mtungi wako, mama, haujazeeka. Umezibwa pumzi.

Udongo uliochomwa na kuachwa bila kupakwa kitu una vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole katika vinyweleo hivyo hadi upande wa nje, na yakifika huko hugeuka mvuke. Ili maji yageuke mvuke ni lazima yapate joto, na joto hilo huchukuliwa kutoka kwenye mtungi wenyewe na maji yaliyobaki ndani, ndiyo maana mtungi unaofanya kazi sawasawa huwa na unyevu ukiugusa tumboni na huacha duara la maji mahali ulipokalia. Rangi ya mafuta imeziba njia hiyo, kwa hiyo sasa una chombo cha kutunzia maji tu.

Inafaa kuongeza kwamba Dodoma ni miongoni mwa mahali pazuri kabisa pa kutumia mtungi. Kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo mvuke unavyoondoka kwa kasi, na hapa kuanzia Juni hadi Oktoba mvua huwa ni nadra sana. Mtungi uleule ukipelekwa Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa imejaa unyevu wa bahari, utapoza maji kwa kiasi kidogo tu. Anayetoka pwani na kusema kwamba mtungi hauna maana hakukosea kwa kwao, ila asiulete uamuzi huo huku.

Kuhusu tiba, unaweza kuikwangua rangi kwa msasa, lakini usitarajie mengi, kwa sababu sehemu ya rangi imekwisha kuingia ndani ya udongo. Usitumie dawa za kuondolea rangi, kwani udongo utazinywa na kuzirudisha kwenye maji ya kunywa. Usijaribu kuuchoma upya pia. Kwa maoni yangu ni heri mtungi huo wa kijani uugeuze kuwa wa kuhifadhia choroko au kunde, kisha ununue mwingine usiopakwa chochote. Huo mpya ujaze maji na kuyamwaga mara kadhaa hadi ladha ya udongo iishe, na uuweke kivulini panapopita upepo, juu ya kigoda au mchanga uliolowanishwa, wala si nyuma ya kochi.

Kuna jambo ambalo hukuuliza lakini litakufikia. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvichumvi nyingi, kama unavyoona ukoko mweupe ndani ya birika, na chumvi hiyo huganda juu ya mtungi na kuziba vinyweleo taratibu. Ukiona weupe, sugua kwa brashi ngumu na maji ya ndimu, suuza vizuri, kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa. Sabuni iache kando, kwa kuwa udongo huinywa. Tena ukumbuke kwamba mtungi hupoza maji lakini hauyasafishi: chemsha kwanza, yaache yapoe, ndipo uyamimine, na watoto wachote kwa kata yenye mpini mrefu badala ya kuzamisha vikombe na vidole.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni fundi nguo. Bibi yangu ameniachia cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa mguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Fundi mmoja amenishauri niifunge mota na kuipulizia rangi upya. Wakati huohuo amejitokeza mtu anayetaka kuinunua kwa mamilioni, akidai kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu, ila anataka kwanza nilipie kipimo. Nifanye nini? *Fundi kijana, Mpwapwa.*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na huyo mnunuzi, kwa sababu ndiye anayeweza kukugharimu mapema zaidi.

Mwezi Aprili 2009 uvumi huohuo ulienea nchini Saudia. Watu waliuziana cherehani kuukuu za Singer kwa bei zisizosemeka, na walizipima kwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano, wakiamini kwamba simu ikikatika basi zebaki imo. Hakuna mtaalamu aliyewahi kuthibitisha kwamba hiyo zebaki nyekundu ipo duniani, seuze ndani ya cherehani. Ukiifungua yako utakuta chuma, mafuta na vumbi. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, hadai fedha. Huyo anayekutaka utangulize malipo ya kipimo mwambie ayakate kwenye hayo mamilioni yake, uone kama atarudi.

Cherehani yenyewe si adimu. Isaac Singer alipata hataza yake, yaani hati ya kulinda haki ya uvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1851, na kampuni yake ikaja kutengeneza cherehani kwa mamilioni, nyingi zikitoka katika kiwanda cha Clydebank huko Uskoti kilichofungwa mwaka 1980. Tazama namba iliyogongwa kwenye kitako upande wa kulia. Ikiwa ni tarakimu tupu zisizotanguliwa na herufi, cherehani hiyo kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka 1900. Ikitanguliwa na herufi, ni ya baadaye. Thamani yake kubwa kwako ni kwamba inashona.

Rangi usiipulizie. Yale maua ya dhahabu ni chapa nyembamba iliyobandikwa na kufunikwa kwa vanishi, na yakishafutika hayarudi. Hata petroli na mafuta ya taa usiyapitishe juu yake. Rangi mpya, zaidi ya hayo, huingia kwenye matundu ya kutilia mafuta na kuyaziba, na cherehani iliyokuwa nyepesi huanza kuwa nzito bila mtu kuelewa sababu.

Mota ni suala la mapato. Ikiwa unashona sare za shule mchana kutwa na umeme wako ni wa uhakika, ifunge, mradi fundi aifunge kwenye tundu la skrubu lililopo na asitoboe mwili wa cherehani, na meza ya kanyagio uitunze. Ikiwa unashona oda chache na kufanya marekebisho, mguu wako unatosha na hauna mita. Mimi binafsi nisingeifunga, kwa kuwa kwenye kanyagio mshonaji huweza kwenda mshono kwa mshono anapozungusha kola, jambo ambalo mota za bei nafuu hazilitaki.

Kazi inayohitajika hasa ni hii. Legeza skrubu mbili za bati dogo lililo chini ya sindano, uliinue. Kati ya meno yanayosukuma kitambaa utakuta nyuzi, vumbi jekundu na mafuta ya zamani vimegandamana kuwa tope gumu. Litoe kwa sindano kuukuu na brashi ndogo, na usishangae likijaa kiganja. Kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila tundu na kila mahali chuma kinapokutana na chuma, uzungushe gurudumu kwa mkono hadi liwe jepesi. Mafuta ya kula usiyatie hata kwa dharura, kwani yakikauka hugeuka gundi, na oili ya injini ni nzito mno. Mkanda wa ngozi ukianza kuteleza, fungua kile kipini cha waya, kata kipande kidogo, toboa tundu jipya na uunganishe tena. Jioni ifunike, upepo wa Mpwapwa unaujua mwenyewe.

SWALI: Nimeolewa Chamwino nikitokea Moshi. Mama mkwe wangu hataki kabisa nipike mlenda kwenye sufuria zangu za alumini, anataka chungu. Mimi naona ni mazoea tu ya kizamani. Nani mwenye haki? *Mkwe mgeni, Chamwino.*

JIBU: Mama mkwe. Mlenda wa kwenu huko ukweni hutiwa magadi, na magadi huila alumini. Chuma hicho hulindwa na utando mwembamba sana unaojijenga wenyewe juu yake, na magadi huuyeyusha utando huo. Ndiyo sababu sufuria huwa nyeusi kwa ndani hata ukiisugua kwa jivu, na jivu lenyewe huongeza tatizo kwa sababu nalo ni la jamii ya magadi. Ukwaju, nyanya na limau nazo huila alumini. Ninaogopa zaidi sufuria zinazosubiwa mitaani kutokana na vyuma chakavu, kwa kuwa huweza kuwa na madini ya risasi, na vyakula vichachu huyatoa yakaingia mchuzini. Wali na ugali havina shida hiyo kwa kiasi kikubwa.

Chungu hakijali magadi. Kikiwa kipya, kichemshie uji mwepesi wa pumba kwa moto mdogo ili wanga uzibe vinyweleo vyake, na hapa, tofauti na mtungi, kuziba ndiko tunakokutaka. Usimwage maji baridi ndani ya chungu cha moto, wala usikitue juu ya sakafu yenye maji. Ukikosa chungu, sufuria ya chuma cha pua inafaa, na hilo unaweza kumweleza mama kwa upole siku chungu kitakapopasuka. Vyungu vya mapambo vyenye rangi inayong'aa kwa ndani usivipikie, kwani rangi za namna hiyo nazo huweza kuwa na risasi.

SWALI: Kijijini kwetu umeme haujafika, tunatumia pasi ya mkaa yenye kifungo cha jogoo. Miezi ya baridi upepo huleta vumbi jingi, hivyo mume wangu hunyoosha nguo chumbani akiwa amefunga dirisha na mlango. Baadaye hulalamika kwamba kichwa kinamuuma. Je, ni joto? *Msomaji, Kondoa.*

JIBU: Si joto. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ndizo dalili zake za mwanzo, na akiendelea anaweza kupoteza fahamu na kufa. Wengi hudanganyika kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha basi hatari imeisha. Gesi hiyo huendelea kutoka hata hapo. Jambo hilohilo linahusu jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa Julai.

Anyooshee barazani au kwenye chumba kilicho wazi pande mbili, na vumbi alizuie kwa kutandika shuka safi juu ya meza. Asijaze makaa hadi kwenye mdomo, maana cheche zitokazo kwenye matundu ya ubavuni ndizo zinazotoboa mashati. Pasi ikikwama, apitishe mshumaa juu ya kitako chake kikiwa na moto, kisha aifute kwenye kitambaa kikuukuu kabla ya kugusa nguo. Jivu limwagwe likiwa limepoa na pasi iachwe wazi, kwa sababu jivu likinyonya unyevu hukila chuma.

SWALI: Vikombe na mabakuli yetu ya bati yenye maua yamebanduka rangi. Tuvitupe? *Mstaafu, Kongwa.*

JIBU: Inategemea mahali palipobanduka. Utando huo ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Ukibanduka nje au kwenye kitako, endeleeni kutumia, ila vikaushwe vizuri visipate kutu. Ukibanduka ndani au mdomoni, vipande vidogo vya kioo huweza kuendelea kutoka na kuingia katika chai, kwa hiyo vyombo hivyo visitumike tena kwa chakula. Vinafaa kupandia mboga au kupimia nafaka ya kuku.