Mbeba spika wa Ngamiani naye ataje laivu yake bora

Wakuu salama. Nimeusoma uzi huu tangu jana usiku mpaka bando likakata, nikaunga jingine nikaendelea, manake mada imenigusa pabaya. Mleta mada kauliza swali jepesi tu, msanii au bendi gani umeiona laivu kwa macho yako ikakuacha hoi, basi watu mmeshagawana mafungu, vijana mnataja shoo zenye mataa na moshi na madansa ishirini, wazee mmeng'ang'ania bendi za dansi, Msondo na Sikinde, halafu yule mdogo wangu wa Chumbageni kaja kumaliza kazi eti "laivu ni nguvu ya spika, mengine porojo". Mdogo wangu, hizo spika mi nimezibeba mgongoni. Kaa hapo.

Kuanzia 1993 mpaka 2009 nilikuwa kwa mzee mmoja hapa Tanga aliyekuwa akikodisha vyombo, stoo yake ilikuwa Ngamiani kwenye hizi barabara zetu za namba. Nilianza na kubeba spika, nikapanda cheo nikawa mkunja waya, halafu ndo nikakabidhiwa mikisa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti. Sasa kazi ile ina kitu kimoja, msanii unamuona saa kumi jioni, ukumbi mtupu, kavaa kandambili, hana mtu wa kumshangilia, na hapo ndo unajua usiku kutakuwa na nini. Kuna wanaofika na mapema, wanashika maiki moja moja, wanauliza "fundi, hii mbona inapiga mluzi?", wanapiga nusu wimbo wanaacha, wanamwambia mpiga besi ashushe. Na kuna anayefika saa nne usiku na CD mkononi.

Hao wa CD nina kisa chao kimoja. Shoo ilikuwa ya wazi, miaka ya mwanzoni ya 2000 huko, jina la msanii sitaji na waandaaji wao siwataji, tuishi kwa amani. Kijana katoka Dar, ana wimbo unaopigwa redioni asubuhi mpaka usiku, uwanja umejaa. Kaingia na miwani, CD inapiga, yeye anaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, maiki yake nimeifungua nusu tu kwa maelekezo ya watu wake. Beti ya pili CD ikakwama. Ilikuwa na mkwaruzo. Ikawa "nakupe, nakupe, nakupe, nakupe", na yeye kasimama pale mkono juu, hajui ashushe au auache. Watu wa Tanga mnatujua, dakika moja tu uwanja mzima unaimba "nakupe nakupe" na kucheza juu. Mi nikamfungulia maiki yote, nikampungia mkono, aimbe tu, ule wimbo kila mtu anaujua, angeimba mkavu watu wangemuitikia mpaka Pangani wakasikia. Hakuthubutu. Akageuka kumtazama didijei, didijei kainama anafuta CD kwa shati. Nilimuonea huruma kusema kweli, sauti alikuwa nayo, ila hajawahi hata siku moja kuimba wimbo wake ukiwa hauna urefu maalum, kwake wimbo ni dakika tatu na nusu, uwe na watu au usiwe na watu.

Na hapo ndo hoja yangu ilipo. Laivu kwangu mi ni bendi kuweza kumsubiri mtu. CD haisubiri, flashi haisubiri.

Nitawapa mfano wa kwetu. Harusi moja, barabara imefungwa, turubai kutoka nyumba hii mpaka ile, taarabu ya kikundi cha mtaani tu, watu sita, kinanda, gita, besi, bongo na waimbaji wawili. Nyie wa bara mkiona mtu anakwenda kutunza mnadhani ni kumwaga hela kwa mwimbaji. Kule kinachonunuliwa ni ile beti. Mama anasikiliza, maneno yanapofika pale panapomhusu mbaya wake aliyekaa mkeka wa tatu, hapo ndo ananyanyuka, noti juu, anakwenda taratibuuu, ili kila mtu aone katunza kwenye neno gani. Beti ikipita kabla hajafika, umbea wote umeharibika, anakuwa katunza kwenye maneno ya mahaba wakati yeye alikuja kwa maneno ya jirani.

Siku ile shangazi wa bwana harusi kanyanyuka kutoka kule nyuma kabisa karibu na masufuria, mguu mmoja una matatizo, anachechemea, elfu moja iko juu, na enzi zile elfu moja ni hela. Beti inakwisha, yeye hata nusu hajafika. Mwimbaji kamuona. Hakusema kitu, kakata jicho kwa mpiga kinanda, beti ikarudi mwanzo. Ikaisha, ikarudi tena. Mpiga bongo akashusha, gita likabaki linatembea peke yake chinichini, mi nikashusha na kinanda kidogo ili maneno yawe peupe, na mwimbaji kila akirudia analibana lile neno kidogo zaidi, analivuta, kama vile anakamua nazi. Mara ya sita shangazi kafika. Noti ikawekwa kwenye paji la uso palepale lile neno linapotamkwa. Mwanamke wa mkeka wa tatu anajifunga khanga upya, anafungua, anajifunga tena. Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia kwenye shoo yoyote yenye skrini. Na sauti yenyewe ilikuwa inatoka kwenye spika mbili, moja imetoboka, nimeiziba kwa gundi na kipande cha gazeti. Mdogo wangu wa Chumbageni umesikia?

Halafu msiseme taarabu ni ya Unguja, Tanga tumechukua nini. Unguja wana heshima yao, kikundi chao Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, mafidla na maganuni na watu kibao wamekaa kwenye viti. Lakini miaka ya sitini na sabini vikundi vya hapahapa, Black Star halafu Lucky Star, vilipunguza watu, vikaingiza gita la umeme na besi, taarabu ikapata mwendo wa dansi kidogo, Mombasa nao wakafuata mtindo huo. Nyimbo zao Waingereza walizikusanya 1989 wakatoa sahani inaitwa Nyota, watu wanaisikiliza huko Ulaya wakati huku wajukuu wa wapigaji wenyewe hawajui. Na sauti iliyopita kote kuwili, Black Star na Lucky Star, ni ya Bi Shakila. Mi nilimuona mara moja tu, keshakuwa mtu mzima, yuko na JKT Taarab huko Dar. Sitawadanganya kwamba sauti ilikuwa ileile ya kwenye santuri. Ilikuwa imepungua juu. Ila alikuwa anajua pa kuvuta pumzi, anaiacha bendi ipite mbele, halafu anaingia nyuma yake kama mtu aliyechelewa kwa makusudi. Nikajikuta nimepunguza maiki zote za wengine bila kuambiwa. Alitangulia 2016, Mungu amrehemu.

Wa Msondo naungana nanyi lakini msinilazimishe kuwatukana Sikinde. Msondo wana umri kuliko wengi humu, walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, wamebadilishwa majina, JUWATA, OTTU, mpaka wakabaki na Msondo Ngoma. Nilipowaona mimi, mwimbaji wao Gurumo alikuwa bado yupo (kaondoka 2014). Hakuruka, hakulala chini, kasimama kwenye maiki kama mtu anayesubiri basi, na watu wanalia. Matarumbeta yakija pale mwisho ndo ukumbi unakuwa mdogo. Fundi pale huna kazi, ukigusa mikisa unaharibu, wenyewe wanapandishana na kushushana kwa macho. Sawa, namba mbili yangu hiyo.

Namba moja haikuwa Tanga. Wagosi wenzangu wa Tanga mnisamehe.

1998 mzee alipata kazi ya kupeleka vyombo vya ziada Bagamoyo, tamasha la Chuo cha Sanaa, hiki ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Lori letu likapita Segera, Chalinze, tukazungukia Dar ndo tukaipanda Bagamoyo, maana ile njia ya Msata haikuwa na lami enzi hizo. Tumefika tumekuwa wekundu kwa vumbi. Ukumbi ulikuwa ule wa zamani, kabla haujaungua 2002. Nikaambiwa panga maiki, anakuja Mzee Zawose.

Mi Hukwe Zawose nilikuwa nalisikia jina tu, Mgogo wa Dodoma ambaye Nyerere alimsikia akataka aletwe mjini, akaja kuwa mwalimu pale chuoni, na miaka miwili nyuma alikuwa ametoa albamu Uingereza kwa kampuni ya yule mwanamuziki wao Peter Gabriel. Nikategemea mtu mwenye mikogo. Kaja mzee mchangamfu, kabeba ilimba lake mwenyewe, sanduku kubwa la mbao lenye meno ya chuma mengi kuliko niliyowahi kuyaona kwenye marimba yoyote, kaketi, kagonga meno mawili. Na mimi nasikia mkoromo. Kila akigonga, nyuma ya sauti kuna kitu kinakoroma, zzzz, kama waya umelegea. Nikamwambia mzee samahani, nikabadilisha waya. Zzzz. Nikabadilisha tena, ule wa kwanza na wa pili nikavitupa pembeni huko kwenye takataka, waya mbovu hizi za mzee wetu zitatuaibisha. Nikachomeka wa tatu. Zzzz. Jasho linanitoka. Kijana mmoja wa familia yake kacheka mpaka kakaa chini, kanivuta mkono, kanionyesha kitundu kwenye lile sanduku, kimezibwa na kiutando chembamba cheupe. Utando wa buibui, wanautafuta wanaubandika pale, na ile zzzz ndo yenyewe, bila hiyo ilimba kwao limekufa. Yaani mi nahangaika kutengeneza kitu ambacho mtu kakitengeneza kwa makusudi.

Usiku sasa. Njuga miguuni, kina mama wa Kigogo na ngoma zao za muheme wamezibana mapajani, na mzee anaimba kutoka chini kabisa, sauti ya kama mtu anasemea ndani ya mtungi, halafu bila onyo anakwenda juu mpaka unatafuta mwanamke gani kaimba. Mi kwenye mikisa nikaona mshale wa sauti unaruka mpaka kwenye nyekundu, nikashusha, akashuka yeye, nikapandisha, akapanda, nikaona huyu anacheza na mimi, nikaondoa mkono.

Katikati hapo katoto ka miaka mitatu minne hivi kakamponyoka mama yake, kakaja mpaka mbele chini ya jukwaa kakaanza kucheza. Vibaya. Nje ya mdundo kabisa, kanaruka kanakojua kenyewe. Watu wakaanza kucheka, mama mtu anakuja kukachukua mbio. Zawose kamuona, kamuashiria mama kwa kichwa, muache. Akatazama ile miguu kidogo, halafu vidole vikabadilika. Akaliacha pigo lake akalifuata la mtoto. Muheme zikasita, moja ikaingia, ya pili, zote, na sasa bendi nzima ya watu wazima imepotea njia kwa adabu inamfuata mtoto, na mtoto ghafla yuko sawasawa kwenye mdundo, anacheza kama kafundishwa. Ukumbi ukanyamaza kwanza. Kisha ndo ukalipuka.

Mzee Zawose alifariki Desemba 2003. Kwa mnaosema hayo yamekwisha, familia bado ipo, tafuteni Zawose Queens, Pendo na Leah, wametoa albamu 2024 inaitwa Maisha, huko nyuma wanawake wa ukoo walikuwa waitikiaji na wapiga muheme nyuma ya wanaume, sasa hivi wao ndo wako mbele. Mi nawasikiliza kwenye simu, na ile zzzz ipo.

Na zile waya mbili nilizozitupa, zilikuwa nzima kabisa. Tulivyorudi Tanga mzee wetu mwenye vyombo kavihesabu, kaona pengo, kanikata kwenye posho. Nikajaribu kumweleza habari ya buibui. Akaniuliza Bagamoyo nilikuwa nakunywa nini.