Barua kwa mwanangu: uzio wa vinaili au wa mbao

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeupata, na voice ya mkwe wangu nayo nimeisikiliza yote hadi mwisho. Mnaniuliza uzio wa uani huko Rochester, Minnesota, muweke wa vinaili, ile plastiki ngumu, au wa mbao, mwenzio anataka vinaili maana muuzaji kamwambia ukishaweka umeweka, hakuna kupaka wala kuhangaika, na wewe moyo wako uko kwenye mbao ila unaogopa kutunza kwa sababu unaingia night na watoto bado wadogo. Nimeona niandike kuliko kupiga simu, kwenye simu tunakatishana na hii ni hela nyingi mnataka kuitoa.

Jibu langu ni mbao. Nguzo za msonobari wa dawa, yani uliotiwa dawa ya kuzuia kuoza, na mbao za kusimama za mwerezi. Ila kabla sijasema kwa nini, kuna kitu kwenye voice yote sijasikia mtu anakitaja, nacho ni nguzo zitashuka chini kiasi gani. Miaka yote niliyofanya kazi ya uzio hapa Minnesota sijaona uzio unaoharibikia juu kama unavyoharibikia chini, uwe wa plastiki uwe wa mti.

Kwetu Tanga adui alikuwa mchwa, mti laini ukiuchimbia ardhini hauchukui muda umeliwa, ndo maana wazee walikuwa wanatafuta mkoko na mvule. Hapa mchwa sio shida yetu, shida ni ardhi kuganda. Maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 hivi, udongo unaikamata nguzo ubavuni unaivuta juu, kidogo tu, alafu barafu ikiyeyuka udongo ulioporomoka unakuwa umeshaziba pale chini kwa hiyo nguzo hairudi ilipokuwa. Mwaka unaofuata tena. Baada ya misimu kadhaa komeo la geti halifiki kwenye tundu lake na mtu anaanza kulaumu geti wakati geti halina kosa lolote, nguzo ndo imepanda.

Sasa msingi wa jengo huku kusini mwa Minnesota unashushwa inchi 42, kule kaskazini inchi 60. Sheria hiyo ni ya majengo lakini mimi nguzo za uzio wa futi 6 nilikuwa nazishusha hivohivo inchi 42. Piga hesabu mwenyewe, inchi 42 ni futi 3 na nusu, ongeza 6 za juu unapata 9 na nusu, yani unataka nguzo ya futi 10. Muulizeni huyo muuzaji nguzo zake zina urefu gani. Akisema futi 8, maana yake zinazoingia ardhini ni 2 tu, na hapo hata akupe vinaili ya dhahabu mimi sitaki. Na shimo lake liwe pana chini kuliko juu. Fundi mwenye haraka anachimba juu pana chini pembamba alafu anamwaga zege mpaka linafurika pembeni, ule ukingo wa zege juu ndo barafu inaupata kama mahali pa kushika inanyanyua nguzo na zege lake lote. Mwambieni aweke kokoto chini, amwage zege, na juu alilaze kidogo ili maji yakimbie yasikae kwenye shina la nguzo. Msimame pale siku ya kuchimba, mmoja wenu akiwa na futi mkononi, msione aibu.

Haya, vinaili. Sitaki mkwe wangu afikiri naidharau, ina sifa zake za kweli. Haiozi, hailiwi na mdudu, ikichafuka unaisugua na maji ya sabuni inarudi. Mngekuwa Houston kwenye joto na unyevu na mchwa, ningeandika barua nyingine kabisa. Lakini ni PVC ile, jamii moja na mabomba ya maji, na PVC kadiri baridi inavyozidi ndivyo inavyokuwa ngumu na kuvunjika kirahisi. Kuna asubuhi za Januari hapo Rochester zinafika nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Asubuhi kama hiyo mtoto akipiga mpira, au mtu akikwaruzana nayo na koleo la theluji, haibonyei, inapasuka.

Tuliitwa nyumba moja namna hiyo, mama wa watu uzio wake rangi ya mchanga, mzuri tu, paneli moja imepasuka kuanzia chini kama urefu wa mkono na kipande kimedondoka ndani ya theluji. Mashine ya theluji ilirusha kijiwe. Akadhani tutabadilisha ule ubao mmoja tukaondoka. Tukatafuta paneli, kumbe wenye kiwanda wameshabadili mtindo, mpya ina mfereji wa upana mwingine haishikani na ile ya zamani, na rangi ukiziweka pamoja unaona hii mpya hii imepigwa jua. Mama akabaki na chaguo la kuweka kiraka kinachoonekana kutoka barabarani au kubadilisha upande mzima. Uzio wa mbao ukivunjika ubao mmoja unang'oa misumari minne unapigilia mwingine, hata wewe unaweza, na ubao wa inchi 6 wa mwerezi utaupata dukani mwaka huu na mwaka kesho kutwa.

Alafu nguzo za vinaili ni tupu ndani. Za kawaida sio mbaya lakini ya geti lazima iingizwe chuma au aluminiamu ndani yake, bila hivo uzito wa geti unaivuta inalala. Wauzaji wengi hawaiweki hiyo kwenye bei ili waonekane rahisi. Na jiko la kuchomea nyama msilisogeze karibu, PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi 80 za Selsiasi hivi, ikishajikunja hainyooki. Hata hilo la kusema hakuna matengenezo sio kweli sana, upande wa kaskazini usiopata jua unaota ukijani, na vile vimashine vya kukatia nyasi kwa uzi vinaukwaruza chini chini na mkwaruzo haupakwi rangi.

Sasa hofu yako ya kutunza mbao. Mwanangu, mwerezi usipopakwa kitu hauozi kesho. Unaota mvi tu. Ile rangi nyekundu nyekundu inaondoka na jua na mvua, unakuwa wa kijivu kinachong'aa kidogo, na kijivu sio uozo. Mti wenyewe una mafuta yake yanayozuia kuoza, ila yapo kwenye moyo wa mti, ule wa kahawia nyekundu. Kwa hiyo dukani usipokee rundo kama lilivyofungwa, funua, chagua mbao zenye wekundu mwingi, zenye mistari mipana myeupe pembeni rudisha, ule weupe hauna kinga. Ukipenda ibaki na rangi yake basi unapaka steini, ile rangi nyepesi inayoingia ndani ya mti, kila baada ya miaka miwili mitatu, ntakuja nifanye na wajukuu wikiendi moja. Usipopenda, acha. Hiyo ndo sababu kubwa nakwambia mbao, mtu mwenye zamu za usiku anaweza kuuacha uzio wa mwerezi bila kupaka na bado ukasimama, lakini hawezi kuunganisha vinaili iliyopasuka.

Ardhini mwerezi usiingie. Ardhini ni msonobari wa dawa, na dawa nazo zinatofautiana. Kwenye ncha ya kila nguzo kuna kikaratasi cha plastiki kimepigwa pini, kisome, kinatakiwa kiandikwe UC4A, hiyo ni mbao ya kugusana na udongo. Zenye UC3 ni za juu juu, sura ni moja na bei inavutia, na hapo ndo watu wanaumia. Ukikata nguzo, upande uliokatwa uwe juu, ule wa kiwandani ndo ushuke shimoni. Misumari iwe ya kuchovywa zinki au ya chuma kisichoshika kutu, maana dawa za siku hizi ni za shaba na zinakula chuma cha kawaida, na kwenye mwerezi msumari wa kawaida unatoa michirizi myeusi inashuka kwenye kila ubao, inaudhi kuiangalia.

Kuhusu ule uzio wa zamani nilioona kwenye picha, ule wenye ukijani, msiuchome. Naomba sana, hata vipande vidogo kwenye moto wa uani na watoto wakichoma marshmallow, hapana. Mbao za dawa za nyumbani kabla ya 2004 nyingi zilitiwa dawa yenye arseniki, waliacha kuziuzia majumbani mwisho wa 2003, na ukizichoma sumu inabaki kwenye majivu na kwenye moshi. Piga simu kwa wazoa taka wa kaunti uwaulize wanazipokea wapi. Na vinaili nayo haichomwi, nayo moshi wake ni wa asidi.

Kabla ya shimo la kwanza piga 811, namba ya watu wanaoonyesha nyaya na mabomba yaliyozikwa. Ni bure, fanya siku mbili za kazi kabla angalau, wanakuja kuweka bendera na rangi, nyekundu umeme, njano gesi, bluu maji, ya machungwa simu na intaneti, kijani maji taka. Lakini wanaonyesha nyaya na mabomba ya kampuni tu mpaka kwenye mita, kama mwenye nyumba wa zamani alijivutia waya kwenda kwenye banda la gari huo hawauonyeshi, kwa hiyo muulizeni aliyewauzia. Manispaa nao waulizeni kibali na urefu unaoruhusiwa mbele na nyuma, na kama mtaa una chama cha wenye nyumba basi kanuni zao mzisome kabla ya kulipa hata dola, kuna vyama vinachagua hadi rangi.

Na jirani. Msitumie uzio wa zamani kama mpaka, huenda aliyeujenga alikisia. Kwenye pembe za kiwanja kuna vyuma vya mpaka vimezikwa, tafuteni ramani ya upimaji mliyopewa mliponunua nyumba, vyuma vikipatikana funga kamba kutoka kimoja hadi kingine, alafu nenda kamgongee jirani umwonyeshe kamba kabla hujachimba. Mkaribishe chai. Upande mzuri wa mbao mwachie yeye, nguzo zikae kwenu.

Mwambie mkwe wangu asisaini na yule bwana wiki hii, kama punguzo ni la kweli litakuwepo. Ramani ukiipata nipigie picha nitumie WhatsApp na vipimo vya kila upande, niorodheshee pia geti litakaa wapi na kama mashine ya nyasi lazima ipite, ntawapigia hesabu ya nguzo na mbao ili muende dukani mkijua mnachotaka. Mama yako anawasalimia, anauliza kikohozi cha mdogo kimeisha?

Baba yako