Kaka wa kundi A anaweza kumpa figo dada yake wa kundi O?

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Nakuandikia kutoka Pongwe, Tanga. Figo zote mbili za dada yangu zimeshindwa kufanya kazi, naye husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ni mama wa watoto wanne na amewahi kuongezewa damu. Yeye ni kundi O, mimi ni A. Kaka yetu mkubwa ni O lakini anameza dawa mbili za presha, na mdogo wetu wa kike, ambaye pia ni O, anasitasita. Nani kati yetu anafaa? Mjomba naye anauliza kwa nini isichukuliwe figo ya mtu aliyefia hospitali ya Bombo.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu, na poleni kwa kuuguza. Wewe huwezi kumpa figo moja kwa moja. Damu ya mtu wa kundi O ina kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshambulia vitu vigeni, dhidi ya A na dhidi ya B, na figo yako ikiunganishwa tu na mishipa yake, kingamwili hizo zinaweza kuishambulia na kuigandisha damu ndani yake kwa muda wa saa chache. Chanya na hasi ya kundi la damu haina uzito hapa. Ziko nchi ambako kingamwili huchujwa kwanza, au familia mbili hubadilishana wachangiaji, lakini hizo ni njia za gharama na maandalizi makubwa.

Kaka yenu simshauri. Presha inayohitaji dawa mbili huharibu figo polepole, na akibaki na figo moja tunaweza kujikuta tuna wagonjwa wawili nyumba moja. Mchangiaji ni mtu mzima wa afya anayepasuliwa kwa faida ya mwingine, kwa hiyo vipimo vyake hufanywa kwanza kwa ajili ya kumlinda yeye.

Anabaki mdogo wenu, lakini kundi la damu ni mlango wa kwanza tu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa katika alama za kinga ya mwili, nusu ya kulingana kiasi, na robo ya kutolingana kabisa. Dawa za siku hizi huwezesha hata wasiolingana kupandikizwa. Kipimo ninachokihofia zaidi kwa dada yenu ni kile cha kuchanganya majimaji ya damu yake na chembe nyeupe za mchangiaji. Mimba na damu alizoongezewa huenda zimemtengenezea kingamwili dhidi ya watu wengine, na chembe hizo zikifa mbele ya mtaalamu wa maabara, safari ya mchangiaji huyo huishia hapo. Ndiyo maana huwaomba wenzangu wasimwongezee damu mgonjwa anayesubiri figo, ila pale inapolazimu.

Mambo yakienda sawa, daktari wa upasuaji kwa kawaida hupendelea figo ya kushoto ya mchangiaji, kwa sababu vena yake, mshipa unaorudisha damu kuelekea moyoni, ni ndefu zaidi na ni rahisi kushonwa. Figo hiyo haiwekwi mgongoni zilipo za zamani, ambazo mara nyingi huachwa palepale, bali chini ya tumbo, karibu na nyonga. Mara nyingi, vibanio vya mishipa vikifunguliwa, figo iliyopauka hugeuka ya waridi, na mkojo huanza kutoka kabla mrija wake haujashonwa kwenye kibofu. Dada yenu atameza dawa za kutuliza kinga kwa muda wote figo hiyo itakapokuwa ikifanya kazi, na atajiepusha na balungi, ambalo hupandisha dawa kupita kiasi katika damu. Machungwa matamu ya Muheza hayana tatizo hilo.

Kuhusu swali la mjomba: figo ikishakosa damu katika joto la mwili huharibika ndani ya muda mfupi sana, hivyo aliyefia wodini na kupelekwa chumba cha maiti hawezi tena kuitoa. Kinachofaa ni mwili ambao ubongo umethibitishwa kufa kabisa huku moyo ukiendelea kudunda kwa msaada wa mashine ya kupumulia, na baada ya hapo figo iliyohifadhiwa kwenye ubaridi husubiri takriban siku moja, moyo saa nne hadi sita tu. Kazi hiyo huhitaji maabara na timu zinazokesha. Upandikizaji wa figo ulioanza Muhimbili mwaka 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, umetegemea ndugu walio hai. Kama hofu ya mjomba ni ya dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu jambo hili Jeddah mwaka 1988, kwa masharti ambayo miongoni mwake ni kwamba mtoaji asidhurike na kiungo kisiuzwe.

Msimlazimishe mdogo wenu. Mpelekeni kliniki ya figo, kisha mumwachie aonane na daktari peke yake, bila kaka wala mjomba mlangoni. Akisema hataki, daktari atawaambia tu kwamba hafai kuchangia, wala msiulize zaidi.