Maswali ya Wasomaji: Rejeta na Ganda la Grili la 1932 kwenye Hotirodi

Barua za safari hii zote zinahusu pua ya hotirodi, yaani gari la zamani lililobadilishwa injini na umbo: rejeta, feni na lile ganda la bati linaloishika grili. Wanaouliza wengi wako Marekani, ambako magari haya ndiko kwao.

SWALI: Salaam mafundi. Nina Ford Model A ya 1931 yenye chesisi ya asili, injini ya Chevrolet 350 na pampu ndefu ya maji. Nimenunua ganda la grili la Ford ya 1932 na rejeta mpya ya shaba inayolingana nalo kwa urefu. Nikiviweka mahali pake, ganda linapita juu ya mstari wa boneti, na kati ya feni na rejeta hapaingii hata kidole. Nikate nini?
M.S., Columbus, Ohio

JIBU: Usikate kitu kwanza, ndugu M.S. Pua ya hotirodi hupimwa kutoka nyuma kuja mbele. Bodi ndiyo imekaa. Boneti inaifuata bodi, ganda linaifuata boneti, na rejeta ndiyo inayolibeba ganda. Ukianzia mbele, makosa yote yatakwenda kujikusanya kwenye boneti, na boneti haina pa kuyaficha.

Funga bodi kwenye chesisi na raba zake zote, mpaka milango ifunge bila kusukumwa. Weka injini na giaboksi kwenye maunti zake za mwisho, si juu ya vipande vya mbao. Kisha lishushe gari lisimame kwa magurudumu na uzito wake, kwa sababu chesisi ya Model A ni laini na hupinda kidogo ikiwa juu ya jeki. Mstari uliopimwa gari likiwa juu hautakuwa ule ule likishuka.

Sasa laza ubao ulionyooka kuanzia pale boneti inapokaa chini ya kioo mpaka juu ya ganda. Mstari unaopendeza hushuka kidogo kuelekea mbele. Ukipanda, hata kwa nusu inchi, gari litaonekana kama ngamia aliyekataa kupiga magoti.

Ganda lako liko juu kwa sababu ya ule mwamba wa mbele unaounganisha mbavu mbili za chesisi. Springi ya Ford za miaka ile imelala kukingama ndani ya mwamba huo, na mwamba wa Model A umeinuka kuipa nafasi. Una njia mbili. Moja ni kulipunguza ganda: unatoa ukanda wa bati sehemu ya chini, ambako pande zimenyooka (kamwe si juu kwenye mkunjo), halafu unafupisha nondo za grili kwa kipimo kile kile. Lakini ganda fupi linataka rejeta fupi, na wewe tayari umenunua ndefu. Ndiyo maana huwa tunashauri rejeta iagizwe mwisho, ganda likishakatwa.

Kwako njia ya pili ina akili zaidi: weka mwamba ulio bapa, wa 1932 au wa mtindo huo. Utaiteremsha rejeta, ila pua ya gari yenyewe itapanda kama inchi moja, kwa sababu springi nayo itakaa chini zaidi. Mwamba huu unabeba ekseli ya mbele, kwa hiyo uchomelewe na mtu mwenye ujuzi wa chesisi, vipimo vya mshazari vikiwa vimehakikiwa kabla na baada ya kuchomelea. Hapo si mahali pa kujifunzia.

Kuhusu feni: injini hiyo huwezi kuirudisha nyuma, kwa sababu distribyuta ya Chevrolet iko nyuma ya injini na itagonga bati linaloitenga injini na abiria. Dawa ni pampu fupi ya maji, ile iliyotumika kwenye injini hizi mpaka 1968. Pampu ndefu ina inchi 6 na 15/16, fupi ina 5 na 5/8. Unapata inchi 1 na 5/16, kama milimita 33, na hiyo ndiyo nafasi unayoitafuta. Ila usinunue pampu peke yake. Puli ya pampu, puli ya kranki na mabano ya altaneta lazima viwe vya pampu fupi, vinginevyo mkanda utakaa upande na kujila kingo. Lengo ni inchi moja kati ya pangaboi na rejeta. Chini ya robo tatu ya inchi, ukifunga breki ghafla injini itasogea mbele kwenye maunti zake na pangaboi litaichana rejeta.

Kabla hujaanza yote haya, hakikisha rejeta uliyouziwa ni ya Chevrolet. Zilizotengenezwa kwa ajili ya V8 ya Ford yenye vali za pembeni zina matundu mawili juu na mawili chini, kwa sababu injini ile ina pampu mbili. Yako inahitaji tundu moja juu na moja chini, na la chini liwe upande wa kulia ukikaa kwenye kiti cha dereva, ndiko pampu inakovutia maji. Mpira wa chini uwe na springi ya waya ndani. Bila springi hiyo, injini ikienda kasi pampu hunyonya mpira ukajibana, na utahangaika na joto linalotokea barabara kuu tu huku ndani ya mji gari likiwa shwari.

SWALI: Rejeta yangu imelehemiwa mara mbili mwaka huu, na kila mara inavuja pale pale: kona ya chini, tangi linapoungana na pembeni. Fundi wa rejeta anasema kazi yake ni safi. Nani mkosa?
K.A., Minneapolis

JIBU: Mwamini fundi wako. Tatizo liko kwenye bolti. Chesisi ya gari la zamani hujinyonga kila unapopanda tuta kwa gurudumu moja. Rejeta iliyokazwa chuma kwa chuma hunyongwa nayo, na lehemu ni laini, kwa hiyo ndiyo inayoachia kwanza. Ford walilijua hilo tangu Model A, ndiyo maana bolti zao za rejeta zilikuwa na springi.

Toa rejeta nje. Weka pedi ya raba ya unene wa 1/8 mpaka 1/4 ya inchi kati ya mguu wa rejeta na chesisi, kila upande. Panua tundu la chesisi kidogo kuliko bolti. Chini weka springi na wosha, kisha nati yenye meno. Kaza mpaka springi ianze kubanwa tu, halafu funga kwa pini. Ukishika rejeta kwa juu na kuitikisa, inatakiwa icheze kidogo sana kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Ikisimama kama nguzo, legeza.

Kisha tazama zile fito mbili zinazotoka kwenye bati la nyuma ya injini kuja juu ya rejeta. Kazi yake ni kuishikilia rejeta isiyumbe na kurekebisha mwinamo wake mpaka nafasi ya boneti ilingane kushoto na kulia. Hazikuwekwa ili kuvuta. Zikaze kwa mkono pande zote mbili kwanza, boneti ikiwa imefungwa, ndipo ushike spana. Ukiona umelazimika kuzungusha nati mizunguko mingi upande mmoja kuliko mwingine, chesisi yako haiko sawa au miguu ya rejeta haiko sawa, na fito hazitalitibu hilo.

Jambo la mwisho: ganda lifungwe kwenye mbavu za pembeni za rejeta, si kwenye chesisi. Viwili hivyo viende pamoja. Ukilifunga ganda kwenye chesisi na rejeta ikaelea, vitasuguana mpaka kimoja kitoboke.

SWALI: Nina V8 ya Ford yenye vali za pembeni na rejeta ya zamani isiyo na presha. Kila nikiijaza hutema maji barabarani, halafu kipimo cha joto kiko sawa tu. Niweke kifuniko cha presha ya ratili 15 (kwa kila inchi ya mraba) kama cha gari la kisasa?
Msomaji, Fresno, California

JIBU: Hapana, utalipasua tangi. Na pengine huna ugonjwa wowote. Rejeta ya aina hiyo haijazwi mpaka mdomoni. Maji yakipata moto hutanuka, na kwa kuwa hakuna chupa ya akiba, yanayozidi hutoka kwa bomba la kumwagia. Yaache yatoke, gari lipoe, kisha fungua utazame: yatakuwa yamesimama inchi moja hivi juu ya mirija. Hicho ndicho kipimo chake. Ukiongeza tena, itatema tena.

Ikiwa maji yanaendelea kupungua chini ya hapo, pima gasketi ya kichwa cha injini. Toa mkanda ili pampu zisizunguke, jaza maji, washa injini ikiwa baridi, na uangalie mdomo wa rejeta kwa nusu dakika, usizidishe. Mapovu mfululizo maana yake gesi ya mwako inaingia kwenye maji.

Injini hizi zina joto la kuzaliwa nalo. Moshi wa ekzosi hupita ndani ya bloku, katikati ya maji, kabla haujatoka nje. Juu ya hapo, bloku nyingi bado zina mchanga wa kiwandani na kutu chini kabisa. Rejeta mpya juu ya bloku chafu huziba mapema, kwa hiyo safisha bloku kwanza. Ukija kununua rejeta mpya iliyotengenezwa kubeba presha, kifuniko cha ratili 7 kinatosha: kila ratili moja hupandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 1.6 za Selsiasi, yaani utapata kama nyuzi 11 za ziada.

SWALI: Feni ya umeme niiweke mbele ya rejeta au nyuma? Nafasi nyuma ni ndogo.
Msomaji, Houston

JIBU: Nyuma kama unaweza, ivute hewa. Ikikaa mbele, mota na fremu yake huziba upepo ukiwa barabarani, na itaonekana kupitia grili, aibu kwa gari la mtindo wa zamani. Kama huna budi kuiweka mbele, nunua iliyotengenezwa kusukuma, au geuza pangaboi kama mtengenezaji ameruhusu. Kisha jaribu kwa karatasi nyepesi: lazima inase upande wa grili. Feni inayopuliza kinyume hupigana na upepo wa barabarani, na gari huchemka likienda mbio.

Usitumie vile vijiti vya plastiki vinavyopenya katikati ya mapezi ya rejeta (yale mabati membamba kati ya mirija). Vinatikisika, vinasaga mirija, na baada ya miezi kadhaa unavuja. Tengeneza mabano yanayoshika mbavu za pembeni.

Waya wa geji 10, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi ya ampea 30. Kama bado una jenereta ya zamani badala ya altaneta, fikiri upya: jenereta hutoa umeme kidogo sana injini ikizunguka polepole gari limesimama, na hapo ndipo feni inapohitajika.

Mwisho, ziba pengo kati ya ganda na rejeta pande zote kwa vipande vya bati na ukanda wa raba. Hewa ni mvivu. Ikipata upenyo pembeni haitapita kwenye mapezi. Kazi hii ya saa moja imeponya magari mengi yaliyokuwa yanasubiri kununuliwa rejeta kubwa.

SWALI: Kwa nini kila hotirodi ninayoiona pichani, hata ya 1929, ina uso wa 1932?
Msomaji, Tanga

JIBU: Model A, za 1928 mpaka 1931, rejeta yake iko wazi mbele, haina grili ya kuifunika. Ya 1932 ilikuja na grili ndani ya ganda lenye mabega ya mviringo, na ndiyo Ford ya kwanza kuwa na V8. Kwenye magari ya abiria umbo lile lilidumu mwaka mmoja tu. Vijana wa California waliokuwa wakikimbiza magari kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage walilichukua wakalifunga kwenye Model A nyepesi. La asili lina tundu juu la kifuniko cha rejeta. Wengi huliziba kwa kuchomelea kisahani cha bati, nukta moja upande huu na nyingine upande wa pili, bati lipoe kila mara lisije likajikunja, na mdomo wa kujazia maji ukabaki chini ya boneti.