Mji unakua, tuache eneo kiasi gani la bustani?

Umesema mji wenu unapanuka haraka na hamjui mtenge eneo kiasi gani la kijani la watu wote. Mi nakushauri usianze na asilimia ya ramani nzima, manake mnaweza kuwa na msitu mkubwa huko pembeni na bado mama mwenye mtoto mgongoni hana pa kukaa kivulini karibu na kwake. Anza na umbali. Kuna kanuni ya 3-30-300 aliyoitoa Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa miti ya mijini, mwaka 2021, kila nyumba ione angalau miti 3, kila mtaa ufunikwe na miti asilimia 30, na bustani isizidi mita 300 toka nyumbani. Hizo mita zipimeni kwa kutembea kabisa sio kwa rula, mtaro mmoja usio na daraja unaharibu hesabu yote.

Ila kubwa kuliko yote, hayo maeneo yapimwe na kusajiliwa sasa hivi kabla watu hawajauziana viwanja, mkija kufidia nyumba zishajengwa hamtaweza. Mabonde yanayojaa maji mvua ikinyesha yaacheni yawe bustani. Na bajeti ya kumwagilia miche msisahau jamani, miche isipomwagiliwa inakufa mapema sana.