Butler aliupata wapi muda wa kuandika
Umeuliza kama mtoto wa nyumba ya shida, tena mwenye kibarua cha kutwa, anaweza kuandika hadithi za kubuni za kisayansi. Dada yangu, anaweza kabisa! Mtazame Octavia Butler, mwandishi wa hadithi hizohizo, mzaliwa wa Pasadena, Marekani, 1947. Baba alifariki binti akiwa bado mdogo. Mama alifanya kazi za ndani kwa Wazungu, akawa anamletea vitabu walivyotupa. Mtoto wa miaka 10 akaomba taipureta, na mama, kwa mshahara huohuo, akamnunulia. Hapo ndipo mimi huguswa kuliko kwenye tuzo zake zote. Ukubwani Butler aliosha vyombo, akakagua krispi za viazi, na saa nane usiku alikuwa macho anaandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1976.