Mnaoanza kuchora mashetani, someni kwanza hii

Wadogo zangu, vijana wengi wananiletea picha ya shetani mwenye meno marefu, damu inachuruzika, moto nyuma, afu wananiuliza mbona hainunuliki. Mi nawaambia kaeni chini muangalie kazi za mzee George Lilanga taratibu kabisa. Mashetani wake, yaani ile mizimu ya sanaa ya Kimakonde, wana masikio makubwa na midomo imevimba lakini wanafanya nini? Wanapika, wanabishana, wanabebana, yaani ni majirani zako walewale wa uswahilini. Ndo maana hawachoshi.

Yule mzee alikuwa Mmakonde wa Masasi, kazaliwa 1934, na alianza kwa kuchonga, tena mizizi ya muhogo kabla ya kugusa mpingo. Angalia picha zake utaona mkono wa mchongaji, miili imeshikana, mguu wa huyu umeingia kwapani kwa yule, hakuna nafasi iliyolala bure. Hiyo haiji kwa kukopi. Mi nilikopi za watu miaka mitatu kwa ajili ya watalii, hela ya kula nilipata ila mkono wangu ulidumaa, ilibidi nirudi kwenye penseli na daftari, nakaa kituo cha daladala nachora watu wanavyogombania mlango. Mashetani wangu wote wa sasa wametoka pale.

Rangi ya mafuta kwenye hadibodi msiiharakishe, hasa masika. Ukipaka ya pili ya kwanza haijakauka inajikunja kama ngozi ya maziwa na kazi ya wiki imekwenda.

Na mali kauli jamani, yaani kuacha picha dukani ulipwe ikishauzwa, andikishaneni! Kuna duka niliacha picha sita bila karatasi yoyote, mpaka leo sijaona hata shilingi, na bado inaniuma.

Kingine, msidharau kuanzia chini. Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii pale Dar, kama mlinzi, 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Baadae kisukari kikamfanya akatwe miguu, akaendelea kuchora na wasaidizi wake hadi alipofariki 2005, na wasaidizi wale walikuwa wanasoma kazi hukohuko wakimpakia rangi. Hata mi kwangu anayetaka kujifunza anaanza na kujaza mandhari ya nyuma na kuosha brashi, miezi ya mwanzo hagusi uso wa shetani hata mmoja.